Kudokeza na Kudokoa

Kudokeza ni kutoa kidogo. Kudokoa ni kuchukua kidogo. Anayedokeza ni mwenye maneno. Anayedokoa ni msikilizaji, tena aghalabu hakukaribishwa. Dodoma, mji unaoishi kwa maneno ya nusunusu, ndiko vitenzi hivi vinakochanganywa kwa hasara, na nadai kwamba habari nyingi tunazoambiwa zimedokezwa, kwa kweli zimedokolewa. Chukua dokezo sabili, karatasi ya kila siku katika ofisi za Serikali kule Mtumba. Afisa anaandika ombi lake, mkubwa anaandika pembeni “Nimeona”, anatia sahihi na tarehe. Kufika saa tisa idara nzima inajua bosi amedokeza kibali, na kuna aliyekwisha kuulizia bei ya viti. Bosi kaona tu, macho anayo. Bungeni nako, waziri akijibu kuwa barabara itajengwa kadiri ya upatikanaji wa fedha, neno zito pale ni “kadiri”. Jibu likifika Kongwa limebaki “itajengwa”, na mwenye kiwanja kando ya njia kashapandisha bei.

Utasema msemaji mzoefu anajua fika kitakachosikika, kwa hiyo naye kadokeza. Kweli, wapo wa namna hiyo, na sina haja ya kuwatetea. Lakini utazame mji wenyewe. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya Serikali hapa, kwa mpango wa miaka kumi. Waliongoja miaka kumi hawakudokoa kitu, waliambiwa. Waliodokoa ni wale walioutazama ucheleweshaji wa miaka ile yote wakahitimisha kwamba Serikali haiji ng’o, ingawa hakuna aliyewatamkia hivyo. Mwaka 2016 ikaanza kuhama kwa kishindo, na aliyeuza kiwanja chake kwa bei ya kutupa hana wa kumlaumu kwa dokezo ambalo halikutolewa.

Mwingine atalalamika kwamba kudokoa ni kwa mboga, na mdokozi ni mwizi, nami nawaonea wasikilizaji. Siwaonei. Huku Ugogoni mboga ni mlenda, na mlenda haudokoleki kwa siri: uzi unatoka chunguni hadi kidevuni. Mdokozi wa maana naye ana uzi wake. Muulize, “Bosi alitamka maneno gani hasa?” Atakujibu, “Ah, si unamjua mwenyewe!”