Utalii wa Jangwani

Watu hulipa mamilioni kwenda Serengeti kutazama nyumbu wakivuka Mto Mara. Ushamba huo. Mvua ya masika ikinyesha usiku mmoja tu, njoo Jangwani, Barabara ya Morogoro, ujionee viumbe wenye suruali zilizokunjwa hadi magotini na viatu mkononi, wakivuka Msimbazi kuwahi Kariakoo. Nyumbu hawana mkokoteni. Sisi tunao, na nauli yake hupanda kadiri maji yanavyopanda, kama vyumba vya hoteli Nungwi wakati wa msimu.

Miaka mingi nilipita pale nikisinzia dirishani. Tangu barabara ianze kufungwa nimefunguka macho: kumbe Magomeni na Fire ni mabara mawili! Na mahali penyewe panaitwa Jangwani. Aliyepapa jina hilo alikuwa na utani wa watani wa jadi.

Tuwashukuru pia wataalamu waliolitazama bonde hili, ambalo mto huja kulidai kila masika, wakasema: hapa panafaa karakana ya mabasi. Wenye akili ndogo wangeijenga mlimani, wakatunyima mandhari ya mabasi yanayooga. Venice huwatoza wageni kiingilio. Sisi, kwa ukarimu wetu, tunatoza viatu tu.

Sasa nasikia linakuja daraja. Jamani! Tuvuke wakavu, tufike kazini mapema, halafu bosi tumsimulie nini? Nimemuuliza jirani yangu wa mkokoteni kama fidia yake imeshatengwa.