Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Uanagenzi, Wajuao Yaliyo Ghaibu

Waheshimiwa,

Mimi, fundi wa mashine za kukoboa mpunga hapa Lupiro, ng'ambo ya mto kutoka Ifakara, nawaandikia kwa taadhima kuwashukuru kwa karama mliyojaaliwa, ambayo hata masheikh wetu hawajathubutu kuidai, nayo ni kukagua maendeleo ya mtu asiyekuwepo.

Mwezi Machi mlinikabidhi wanagenzi wawili pamoja na kitabu kizuri, kisemacho kwamba kila miezi mitatu msimamizi atakuja kuketi nami na kila kijana, tupime alichokwisha kukijua, palipomshinda, na cha kumfunza baadaye. Nilifurahi mno, kwani sisi mafundi wa mtaani humwachia kijana macho yake: spana boi hushika taa, huosha vyuma, huambulia matusi, na akijaaliwa kuiba kwa macho, baada ya miaka mitano huitwa fundi.

Mmoja wao aliondoka Aprili kwenda kuamia ndege katika mpunga wa mama yake, asirudi tena. Nasikia sasa yuko Kidatu, anakata miwa. Hata hivyo, Juni fomu yake ililetwa na bodaboda, imekwisha kujazwa, "Anaendelea vizuri". Na Septemba ikaja ya pili, "Anaendelea vizuri sana", jambo lililonithibitishia kwamba kutokuwepo humnoa mwanagenzi kuliko kuwepo. Mwenzake, ambaye hushinda hapa akikohoa pumba tangu alfajiri hadi magharibi, mara zote mbili aliandikiwa "Wastani". Nami, kwa kuchelea kuitwa mkaidi, nilizitia sahihi fomu zote nne. Basi katika aibu hii nina fungu langu.

Zamani mlikuwa na udhuru wa haki, maana anayekuja huku alingoja kivuko, na kivuko nacho kilingoja kudura. Lakini sasa Daraja la Magufuli, lililozinduliwa 2018, linavuka Mto Kilombero, na udhuru ule umebaki ukingoni.

Wala bonde hili si geni kwa elimu ya uanagenzi. Reli ya TAZARA ilipojengwa, tangu 1970 hadi 1975, ikapita Ifakara na Mlimba, vijana wetu wengi walijifunza kazini kwa mafundi wa Kichina ambao hata lugha yao hawakuijua, mwalimu akitenda na mwanafunzi akifuatisha. Sikupata kusikia kwamba daraja lolote la reli ile lilijengwa na mtu aliyehudhuria kwa fomu.

Mashine yangu, kwa upande wake, hutoa ripoti kila siku bila posho. Mwanagenzi hukinga kiganja penye mchele unaotoka: chenga zikizidi, ajue amekaza roli kupita kiasi, mpunga ukitoka na maganda yake, ajue amezilegeza. Lakini mashine hukumbuka kosa la leo tu, haiwezi kusema ni jambo gani kijana hajalishika tangu aje. Na hapo, waheshimiwa, ndipo nilipowahitaji kwa dhati, kwani juzi tu nilitanabahi kwamba kijana huyu ana miezi saba penye roli, na injini hajaifungua hata siku moja, kwa sababu mimi mwenyewe naionea uchungu injini yangu. Mngalikuja Juni mkamwuliza, "Tangu Machi umeongeza nini?", ningaliona haya mbele yenu, na pengine leo angalikuwa akiifungua na kuifunga peke yake.

Ombi langu ni dogo. Fomu ya Desemba msiikabidhi kwa bodaboda. Ileteni wenyewe, ikiwa tupu, siku ya kukoboa, mketi juu ya gunia, mmwulize kijana, mmsikilize, na mimi pia mnikemee mbele yake. Kisha, kabla ya kuandika neno, hesabuni wanagenzi waliopo; mkikuta mmoja, andikeni mmoja.

Wenu mtiifu,
Fundi wa Mashine, Lupiro