Kabati la Kuvundikia

Ujumbe wa sauti ulioingia kwenye kundi la familia huko Wete ulianza kwa kiapo. Mtumaji, Mpemba wa makamo anayefanya kazi ya ghala katika bandari ya Hamburg, aliapa kwamba havuti, hajapata kuvuta, na wala hana nia hiyo. Akaomba pia kwamba atakayoyasema yasifike msikitini kabla hajafika mwisho wa maelezo. Kisha akashusha pumzi na kusema: jirani yake, mzee wa ghorofa ya tatu, amevuna bangi yake, na anataka amsaidie kuikausha.

Shangazi yake alijibu kabla ujumbe haujafika nusu. Aliuliza swali moja tu, kama huko Ujerumani polisi wamekwisha.

Hawajaisha. Kilichobadilika ni sheria. Tarehe 23 Februari 2024 Bunge la Ujerumani lilipiga kura, 407 wakaunga mkono na 226 wakapinga, na kuanzia tarehe 1 Aprili mwaka huo mtu mzima wa miaka 18 na zaidi anaruhusiwa kupanda nyumbani kwake mashina matatu ya bangi kwa matumizi yake mwenyewe. Anaruhusiwa kuweka nyumbani gramu 50 zilizokauka na kutembea na gramu 25. Ni lazima azifungie mbali na watoto. Haruhusiwi kuuza. Haruhusiwi hata kumpa jirani zawadi. Wajerumani wameihalalisha bangi kwa namna ile ile wanavyopanga takataka: kila kitu kina pipa lake, na ukikosea pipa kuna faini.

Mpemba wetu aliyasoma hayo yote kabla ya kukubali kupanda ngazi. Ana kibali cha kazi, ana maombi ya uraia yanayosubiri mezani kwa mtu, na anajua vyema kwamba kwao Pemba, na Tanzania nzima, bangi ni kosa la jinai. Kwa hiyo aliweka masharti. Atatoa ushauri akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, na hatagusa kitu. Mzee, dereva mstaafu wa treni asiyependa mambo yasiyo na utaratibu, aliona masharti hayo ni ya busara kabisa.

Kwa nini yeye? Kwa sababu ya picha. Siku moja kwenye lifti alimwonyesha mzee picha ya uwanja wa kwao wakati wa msimu: majamvi yametandazwa ukuta hadi ukuta, karafuu zimeanikwa, watoto wanazigeuza kwa miguu. Mzee aliitazama ile picha kwa heshima ambayo watu wengine huitoa kwa vyeti. Tangu hapo alimhesabu kuwa mtaalamu wa kukausha maua. Na ukiondoa sifa mbaya ya mmea wenyewe, hakukosea sana. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijafunguka, na bangi inayovunwa ni ua pia. Yote mawili hubeba mafuta yanayonukia, na yote mawili huharibika kwa njia mbili zile zile: kuungua na kuvunda.

Mzee alikuwa amekwisha kujaribu njia ya kwanza. Alitundika matawi kabatini, akasogeza kabati karibu na hita ya ukutani, akazungusha kirungu mpaka namba 5. Wajerumani wengi huishi miaka na virungu hivyo wakidhani namba ni kasi, kama gia za gari. Sivyo. Namba ni joto la chumba: 3 ni kama nyuzi 20 za Selsiasi, na kila namba inayopanda au kushuka ni takriban nyuzi 4. Kwa hiyo 5 inataka kukufikisha 28, na haitazima mpaka ifike. Maua ya nje ya matawi yakawa makavu ya kusagika, ilhali vijiti vya ndani bado vinapinda. Chumba kilinukia vizuri ajabu, na hilo ndilo lilikuwa tatizo, kwa maana harufu iliyo chumbani haimo tena ndani ya ua. Yale mafuta ya harufu ambayo wakemia huyaita terpini ni mepesi, na joto huyapeperusha.

Habari ikasafiri, kama kawaida ya habari za ughaibuni, hadi kwa kijana wa Urambo anayesoma Bremen. Yeye kwao ni wakulima wa tumbaku, na alipiga simu kutoa ushauri wa kitaalamu bila kuombwa: jengeni bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Akaeleza jinsi tumbaku ya mvuke inavyoanza kwa joto la nyuzi 35 hadi 40 ili jani liwe manjano, kisha moto unapandishwa polepole kwa siku kadhaa mpaka uti wa jani ukauke juu ya nyuzi 70. Maelezo sahihi, mmea usiohusika. Jani la tumbaku linatafutiwa sukari na rangi, na lazima lipikwe. Ua la bangi likipelekwa kwenye joto hilo linabaki nyasi. Mzee, aliyetafsiriwa ushauri huo mlangoni, aliuliza kwa utulivu kama bani linahitaji kibali cha ujenzi.

Wapandaji wa Ulaya na Marekani wamezoea kutafuta takriban nyuzi 16 hadi 20, na unyevu wa hewa wa asilimia 55 hadi 62, kwa siku 7 hadi 14 za kukausha. Baadaye maua huingia kwenye chupa za kioo zenye mfuniko na kukaa wiki kadhaa humo, yakifunguliwa mara kwa mara yapumue, mpaka ule unyevu uliobaki katikati ya ua usambae sawasawa. Shangazi aliposikia hatua hii ya pili alipiga kofi lililosikika Hamburg. Mbona hiyo ni kuvundika ndizi tu? Shimo, majani ya mgomba, moto kidogo, unafunika, unaacha. Anayefunuafunua kila saa hupata ndizi zilizoiva upande mmoja.

Hapo ndipo mjadala wa familia ulipoacha maadili na kuingia ufundi, na hapo pia ndipo Mpemba alipoanza kufurahia kazi yake.

Hamburg haina upungufu wa joto ndani ya nyumba. Ina upungufu wa joto lisilobadilika. Wenye majengo wengi hupunguza moto wa mtambo usiku, na alfajiri chumba kilichokuwa 20 kinaweza kuamkia 15. Ukiwa umelala chini ya blanketi hujui. Hewa ya kabatini inajua. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 51 ikipoa hadi 15 inakuwa na asilimia 70, ingawa hakuna tone la maji lililoongezwa, kwa sababu hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya joto. Kila usiku ua linanywa, kila mchana linakaushwa. Na kama kabati limeegemea ukuta wa nje, upande huo hupoa zaidi ya mwingine, na ukungu wa kijivu uitwao botriti hauhitaji mwaliko mwingine. Ndio huo huo unaoozesha zabibu na stroberi za wakulima wa huku.

Dawa ya kwanza ilikuwa bure: sogeza kabati. Lilitoka ukuta wa nje likaenda ukuta wa ndani, unaopakana na jiko, mbali na hita. Kirungu kikarudishwa kati ya 2 na 3. Mzee aliandika namba hiyo kwenye karatasi akaibandika juu ya hita, pamoja na tarehe.

Dawa ya pili ilikuwa chupa. Maji ni mazito kupata joto na mazito kulipoteza: lita 10 zikipoa kwa nyuzi moja hutoa karibu wati-saa 12, na zinatoa polepole, bila waya wala swichi. Chini ya kabati zikapangwa chupa za plastiki za soda zilizojazwa maji ya bomba. Mjerumani kutupa chupa ya namna hiyo ni vigumu, maana kila moja ina dhamana ya senti 25 inayorudishwa dukani, kwa hiyo mzee alikuwa nazo nyingi zinazosubiri safari. Alikiri kwamba ni mara ya kwanza akiba yake kufanya kazi wakati bado ni akiba.

Kuna wanaonunua hita ndogo ya umeme na kuiingiza kabatini. Hao waombewe. Hita ndani ya sanduku la mbao lenye matawi makavu ni moto unaotafuta tarehe, na hata isipounguza kitu, hita ya wati 50 ikiwaka mchana na usiku hula uniti 1.2 za umeme, ambazo kwa bei ya Ujerumani ni karibu nusu euro kwa siku. Ujanja wa zamani wa kuacha balbu iwake, ule wa kulelea vifaranga, nao umekufa. Umoja wa Ulaya uliziondoa balbu za waya sokoni hatua kwa hatua kati ya 2009 na 2012, na balbu za LED zilizobaki zinatoa mwanga mwingi na joto la kusikitisha.

Ilipofika zamu ya chupa za kuvundikia, mzee alitoa mkeka wa umeme wa mjusi. Wajerumani hufuga mijusi. Huwanunulia vioo, mchanga, na mkeka mwembamba wa wati 15 wa kuwapashia matumbo, na mjusi akifa mkeka unauzwa kwa bei ya chai. Mkeka huo ukiunganishwa na kidhibiti joto cha kuchomeka ukutani, kinachozima umeme chenyewe joto likifika, unakula senti chache kwa siku. Sharti moja: usiwekwe chini ya chupa. Joto likitoka chini, mvuke hupanda na kugeuka matone kwenye mfuniko ulio baridi, kisha hudondokea maua. Ukasimamishwa ubavuni, ndani ya boksi jeupe jepesi lililokuwa la muuza samaki, chupa zikawa katikati, blanketi kuukuu juu. Chupa zenyewe zilikuwa za matango ya siki. Zilioshwa mpaka zikakoma kunuka, jambo lililochukua muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Vipimo vya unyevu vya bei ndogo hudanganya. Mpemba alipendekeza chumvi: lowesha chumvi ya jikoni kidogo tu iwe kama uji mzito, iweke kwenye kizibo, ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, acha usiku kucha. Hewa humo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo cha mzee kilisoma 81. Tangu hapo alipunguza 6 katika kila hesabu na kuongea nacho kwa ukali.

Kama mzee angetaka kuona kanuni ya zile chupa za maji kwa ukubwa wake, angeshuka tu mpaka Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu juu ya mifereji ya Hamburg, uliojengwa kuanzia 1883 na kuingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2015. Kahawa, chai, kakao na viungo vilikaa humo bila hita wala kipoza hewa. Kuta zile nene zilimeza joto la mchana na kulitema usiku, na ndani hali ikabaki ile ile. Wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya O'Swald ikiwemo, walikuwa na ofisi Zanzibar tangu 1849. Mpemba alimweleza mzee kwamba huenda karafuu za babu zake zililala humo kabla yeye hajazaliwa. Mzee alisema maghala yale alikuwa akiyapita kila siku akiwa kazini, na hakuwahi kuuliza kwa nini hayana mabomba ya joto.

Kipimo cha mwisho hakikuhitaji betri. Karafuu iliyokauka hukatika, mbichi hupinda. “Vunja kijiti, mzee,” akaelekeza kutoka mlangoni, mikono nyuma. Kikapinda. Siku nyingine kikapinda tena. Siku kilipolia tak, mzee alipeana mkono na mtaalamu wake, kisha akamwomba radhi kwa kumlazimisha kuutoa nyuma.

Ikabaki mizani. Mashina matatu yaliyostawi barazani hutoa zaidi ya gramu 50 bila taabu, na kinachozidi sheria inataka kiharibiwe, kwani kumpa mtu hairuhusiwi. Mzee alipima kwenye mizani ya keki mara mbili, akaichanganya ziada na majani ya chai yaliyotumika na udongo wa maua, akarekodi uzito daftarini.

Shangazi alikuwa ameyafuata yote hayo kwa makini, na sasa aliuliza swali la kibiashara, kama mtu aliyezoea kuuza karafuu kwa ZSTC, shirika la biashara la taifa la Zanzibar. ZSTC ya huko inanunua daraja la kwanza kwa shilingi ngapi kilo?

Akajibiwa kwamba hakuna ZSTC. Hakuna kuuza.

“Hata kwa magendo?”

“Shangazi, hili kundi lina watu thelathini.”

Kimya kidogo, kisha ukaja ujumbe mwingine wa sauti, mfupi. Amwambie huyo mzee kwamba mwakani apande mchicha.