Unguja Ndani ya Beseni

Durham, North Carolina
Januari

Shangazi, na nyote mliokaa barazani hapo Ng'ambo, Unguja:

Kabla hamjaanza kuulizana nimepatwa na nini: mimi mzima, ila nimekuwa yaya wa kobe. Jirani yangu, bibi mmoja mwalimu mstaafu, amekwenda kumwona mjukuu wake mpya, akaniachia ufunguo wa nyumba, maelekezo yaliyochapwa karatasi pande zote mbili, na kobe mchanga wa sentimita tatu anayeishi ndani ya beseni lenye udongo na majani makavu. "Wewe kwenu umewazoea," akanambia, kwa kuwa nilishamwonyesha picha za kobe wa kisiwa cha Changuu. Lakini wale wa kwetu, ambao ukoo wao uliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, unawapa mchicha, wanakula, yamekwisha. Nani aliwahi kuachiwa maelekezo?

Huyu ni kobe wa sanduku. Mkubwa wake ana bawaba tumboni. Akiogopa anafunga mbele na nyuma, hata kucha huioni. Huyu mchanga bawaba yake bado haijawa kitu, kwa hiyo kinga yake ni kujificha, na katika kujificha ni fundi. Ile picha niliyowatumia mkanijibu kwamba ni majani makavu matupu, ndiye yeye. Yumo humo chini. Mimi mwenyewe namwona akiogeshwa tu.

Sasa nisikilizeni habari ya taa. Kuna taa ya joto na kuna taa ya jua, na hizo ni mbili tofauti. Ya jua inatoa mionzi inayomwezesha kutengeneza vitamini D, bila hiyo kalsiamu haishiki na gamba linakuwa laini. Nikasema, si nimweke dirishani? Maelekezo yamenitangulia: kioo cha dirisha kinazuia mionzi ile anayoitaka. Halafu taa hiyo hubadilishwa baada ya miezi kadhaa hata kama inawaka vizuri, kwa sababu mwanga unabaki lakini jua limekwisha ndani yake. Shangazi, wewe unayeanika dagaa, nguo na godoro kwa jua lilelile bila kulipa senti, hebu fikiria mtu anakwenda dukani kununua jua, na jua lenyewe linakwisha muda.

Pembeni kuna kipimajoto, na kipima unyevu, na chupa ya kupuliza maji. Upande mmoja wa beseni uwe digrii 29, unyevu ukaribie asilimia 80. Nikavisoma vile vipimo mara mbili, nikacheka peke yangu. Hiyo si Unguja hiyo? Wamemjengea kobe wa Marekani hali ya hewa ya kwetu ndani ya beseni la plastiki, na mimi Mzanzibari halisi nimekaa nje ya beseni nimevaa masweta mawili, maana bibi huyu anabana matumizi ya hita. Udongo ule ukishapuliziwa maji unanukia kama mvua ya vuli inapoanza. Jana niliuacha mkono wangu humo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Chakula chake ni nyungunyungu. Wanauzwa kwa wavuvi wa ndoana, wamo kwenye friji la duka, na sasa wamo kwenye friji langu karibu na mchuzi wa kuku. Mdogo hivi anataka nyama kuliko majani. Namkatia vipande, navinyunyizia unga wa kalsiamu, naviweka, nageuka upande, kwa sababu ukimtazama hali. Ana adabu kuliko baadhi yenu.

Kisha kuna sheria. Tangu 1975 ni marufuku huku kumuuza kobe mwenye gamba lisilofika inchi nne, yaani kama sentimita kumi, awe mfugo wa kutazama nyumbani. Sababu ni salmonela: watoto walikuwa wanawatia wadogo mdomoni. Akishapita kipimo hicho bakteria hawamkimbii, ila mdomo wa mtoto haumwezi. Wangu hakununuliwa, kaanguliwa bustanini kwa bibi, na wazazi wake sasa wamelala chini ya udongo mpaka baridi iishe. Nawaonea wivu. Mimi kila nikimshika nanawa mikono kwa sabuni, na si kwenye sinki la jikoni.

Tena ana cheo. Mwaka 1979 jimbo hili lilimtangaza kuwa mtambaazi wake rasmi, na wa porini inashauriwa asiokotwe. Maisha yake yote, na miaka 50 huipita, hukaa ndani ya mita mia chache. Ukimpeleka mbali atazunguka akitafuta kwao, wengine mpaka wakagongwa na magari. Akikutwa anavuka barabara, anavushwa upande uleule anaoelekea; ukimrudisha nyuma ataanza upya. Mimi gamba sina, lakini bei ya tiketi ya kuja Unguja naijua kwa kila mwezi wa mwaka, hata ile miezi ambayo sina likizo.

Bibi anarudi Jumapili. Pesa ya mabati, Shangazi, itakuja mwisho wa mwezi inshallah. Na mkiulizwa hapo barazani mtoto wenu anafanya kazi gani Marekani, jibuni kwamba analea watoto. Mkibanwa zaidi, badilisheni mazungumzo.