Sifa za Leseni Iliyolala

Wengine na wasifu dhahabu. Mimi nasifu karatasi inayoilinda isichimbwe: leseni ya utafiti wa madini, hasa ile ambayo mwenyewe ameikunja, akaifungia kabatini mjini, akasahau hata njia ya kufika eneoni.

Kwanza, upole wake. Duara la wachimbaji lina vumbi, karasha la kusagia mawe lina kelele, zebaki ina sumu. Leseni iliyolala haina hata kimoja. Kilima kizima kule Geita kinaweza kukaa chini yake bila kusikika nyundo. Nyasi zinaota juu ya mwamba wa mbale, yaani mawe yenye dhahabu, mbuzi wanashiba. Mazingira yatake nini tena?

Pili, subira yake. Sheria ya Madini ya 2010 humpa mwenye leseni hadi miaka 4 ya kutafuta, akihuisha 3, akihuisha tena 2. Mtoto aliyezaliwa leseni ikitolewa atakuwa keshajua kuzidisha, ajipigie hesabu: kilomita 1 ya mraba ni hekta 100, yaani leseni 10 za uchimbaji mdogo zenye hekta 10 kila moja. Apige hesabu tu, asipige sululu.

Wabaya wake hawakosi la kusema. Eti sheria inamtaka mwenye leseni afanye kazi, apeleke ripoti, alipe ada ya kila mwaka, na akihuisha aachie nusu ya eneo. Sawa, lakini mbona nusu anayoiachia huwa ni ile ya mawe matupu? Kumbe utafiti ulifanyika!

Tatu, inafundisha ujirani. Kijana akienda kuomba eneo, ofisa humfungulia ramani kwenye kompyuta. Kidole kinatembea juu ya kijiji chao: hapa pana mtu, hapa pana mtu, na hapa kwenye mhogo wa bibi pana mtu. Kijana anarudi nyumbani akijua amezungukwa na majirani asiowahi kuwaona hata msibani. Akivuka bikoni zao za mpaka, yeye ndiye mvamizi.

Ndiyo maana nashangaa wizara inapotangaza kufuta leseni zisizoendelezwa. Zikifutwa, watu watachimba, wakichimba, watapata, wakipata, watauza sokoni na kulipa mrabaha. Halafu nani atazihesabu hela zote hizo?