Safu ya Ushauri: Maradhi ya Macho Mpakani Tunduma

Swali la kwanza limetoka kwa wakala wa forodha wa Tunduma, yaani mtu anayelipwa kukamilisha nyaraka za mizigo ya wengine kabla haijavuka kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Mhusika, ambaye shahada yake bado inanuka wino, analalamika kwamba utingo mmoja, yaani msaidizi wa dereva wa lori, aliyevaa kandambili zisizofanana rangi, alithubutu kumwonyesha kasoro ya fomu mbele ya wateja, naye anaomba njia ya kistaarabu ya kumzuia asiingie tena ofisini.

Njia ipo, ila ina gharama. Utingo wa safari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi, nchini Kongo, huvuka mipaka miwili, wa Tunduma na wa Kasumbalesa, na kabla ya mwaka 2019, ulipozinduliwa hapo Tunduma mfumo wa Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, ambamo maofisa wa nchi mbili huhudumia mzigo mahali pamoja badala ya kila upande kuukagua kwa zamu yake, watu wa kazi hiyo walilala chini ya malori wakisubiri karatasi moja iliyokosekana. Karatasi hiyo wanaijua kwa jina. Asiyeijua ni yule aliyelala kitandani. Isitoshe, huenda utingo huyo anasikia Kinyamwanga, lugha isemwayo pande zote mbili za mpaka na ambayo hakuna shahada ya forodha inayoifundisha. Inashauriwa apewe kiti na chai, aulizwe kwa unyenyekevu, na kandambili zitazamwe mwisho, kama bado kuna haja.

Msomaji wa pili alilipa kiingilio kukiona Kimondo cha Mbozi, yaani bonge la madini lililoanguka kutoka angani, akaona "jiwe jeusi tu", na sasa anauliza kama ametapeliwa. Hakutapeliwa, alifika na macho, akasahau kuuliza. Bonge hilo la kijiji cha Ndolezi, lenye urefu wa takriban mita 3 na uzito wa tani kadhaa, ni chuma kwa sehemu kubwa, kikichanganyika na nikeli, na ingawa taarifa zake ziliwafikia wataalamu mwaka 1930 kupitia mpima ardhi mgeni, wenyeji walikuwa wakilifahamu kabla yake. Arudi, azungumze na mzee yeyote wa jirani.

Mama wa mji wa Vwawa, wilayani Mbozi, anauliza kama kijana mpole anayemposa bintiye ni mjinga. Hilo halijulikani kwa kumtazama. Wakulima wa kahawa wa Mbozi huzitia maji kahawa mbivu, zote nyekundu na zote nzuri kwa macho, kisha huziengua zinazoelea, kwa kuwa ndani ni tupu au zina kasoro. Basi kijana aalikwe shambani msimu wa mavuno, apewe ndoo na kazi ya siku nzima. Ombi la mama huyo la kujua bei ya pikipiki ya kijana halihusiani na safu hii.