Barua ya Wazi kwa Kamati ya Ujenzi ya Kanisa Letu

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: SHUKRANI KWA JOTO

Bahasha ya mchango wa viyoyozi 12 imenifikia. Kabla sijaijaza, naomba kuishukuru Kamati.

Kanisa la zamani lilitutia aibu, nasi tunaishi Dar es Salaam. Kuta zake zilikuwa na tofali za matundu, upepo wa baharini ukipita bila kibali, na mwembe upande wa mashariki ukitukinga na jua la ibada ya saa tatu. Mkatukomboa. Mwembe ukakatwa, magari ya wageni wa heshima yakapata maegesho. Matundu yakapisha vioo vya kusukuma ambavyo, hata ukivisukuma kwa imani yote, hufunguka nusu tu. Juu mkapiga bati jekundu bila dari, kwa kuwa fedha ya dari ilisimamisha mnara.

Mtu aliyeketi kimya hutoa joto la wati 100 hivi. Sisi tuko 500, yaani ni sawa na kuwasha pasi 50 za wati 1,000 katika chumba kimoja. Hapo kwaya ya vijana haijasimama. Hewa ya moto hupanda, ikifika juu haikuti hata kitundu cha kutokea, na bati nalo linatumwagia la kwake.

Tafadhali msimtume mtu Mkunazini, Unguja, atawavuruga. Kanisa la Anglikana la pale liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1873, nalo lina kuta nene za mawe ya matumbawe, zinazochelewa kushika joto. Husimuliwa kwamba Askofu Edward Steere aliposafiri, mafundi walisimamisha baadhi ya nguzo kichwa chini. Bila shaka nao walikuwa na kamati.

Viyoyozi vije. Kwa kuwa waumini wengine huketi nje chini ya turubai, milango itabaki wazi, na magari ya wageni yatapoa vizuri. Jumapili iliyopita LUKU ilikata katikati ya mahubiri, kwa mapangaboi manne tu. Mhazini akatoka mbio na simu kununua umeme. Nilipouliza bei ya dari na ya rangi nyeupe ya bati, niliambiwa nina roho ya upinzani.

Nikirudi kwenye bahasha: karatasi yake ni ngumu, inapepea vizuri sana. Naomba nyingine ya mama mkwe.

Wenu katika jasho,
Muumini wa benchi la nyuma